ISA One kwenda Scarlett 2i2: sauti inapasuka, naunga vipi?

sauti_ya_uluguru
Wakuu habari za jioni. Nina kistudio kidogo hapa Morogoro, chumba kimoja tu, narekodi sana waimbaji wa kwaya na kaswida pamoja na wasomaji wa matangazo ya biashara. Maiki ni Shure SM7B, intafesi (kisanduku kinachoingiza sauti kwenye kompyuta) ni Scarlett 2i2 toleo la tatu. SM7B mnaijua ilivyo, sauti yake iko chini sana, nilikuwa napandisha geni (kiasi cha kukuza sauti) ya Scarlett karibu mpaka mwisho na mtu akiimba taratibu unasikia shhhh kwa nyuma, ndo nikajichanga nikachukua priamp (kifaa cha kukuza sauti ya maiki) ya Focusrite ISA One ya mtumba.

Sasa nimeunga hivi, maiki inaingia ISA One, halafu nyuma ya ISA nimetoa waya wa XLR kwa XLR nikachomeka mbele kwenye Scarlett. Sauti inapasuka hata geni ya Scarlett nikiishusha mpaka mwisho, mtu akipandisha kidogo tu taa nyekundu. Nikishusha ISA mpaka 30 haipasuki ila inabidi nipandishe Scarlett tena na ile shhhh ipo palepale. Mashine ni mbovu au? Na 48V (ule umeme unaopelekwa kwenye maiki) nawasha ipi, ya ISA au ya Scarlett? Jumamosi nina mwimbaji anakuja, naombeni msaada jamani.

fundi_mawimbi
Mkuu mashine yako ni nzima, tatizo ni tundu uliloingilia. Hiyo Scarlett tundu lake la mbele ni mawili ndani ya moja, ukichomeka XLR inajua ni maiki, ukichomeka jeki ndo inajua ni laini. Kwa hiyo hapo unapitisha sauti kwenye priamp mbili, ISA imeshaikuza mpaka levo ya laini (nguvu kubwa ya sauti inayotoka kifaa kwenda kifaa) halafu unaipeleka mahali panaposubiri sauti ndogo ya maiki. Kwa toleo la tatu mlango wa maiki unabeba mpaka +9 dBu (kipimo cha nguvu ya sauti kwenye waya) geni ikiwa chini kabisa, wakati mlango wa laini unabeba +22 dBu. Tofauti ya 13 dB hiyo, sio mchezo.

Dawa yake ni waya tu. Tafuta wenye XLR ya kike upande mmoja na jeki ya TRS upande mwingine, TRS utaijua kwa pete nyeusi mbili pale kwenye ncha, yenye pete moja ni ya gitaa usichukue hiyo. XLR ichomeke nyuma ya ISA, TRS ichomeke katikati ya lile tundu la Scarlett, hakikisha taa ya INST imezimwa, geni ya Scarlett shusha mpaka mwisho na uiache hapo. Kuanzia sasa geni yote unaifanyia kwenye ISA.

48V: SM7B ni dainamiki, haihitaji. Zima ya ISA na zima ya Scarlett. Siku ukileta maiki ya kondensa, ile inayohitaji umeme huo, unawasha ya ISA peke yake, maana maiki imechomekwa huko. Na uwe na mazoea ya kushusha spika kwanza kabla hujaiwasha au kuizima, na usichomoe waya wa maiki 48V ikiwa inawaka.

mama_studio_tanga
Naongezea kwa fundi hapo juu, amesema kweli tupu. Kwenye kupanga geni kaka yangu usimwambie mwimbaji "aloo aloo moja mbili", hiyo haisaidii kitu. Mwambie aimbe kile kipande cha wimbo anachokipaza kuliko vyote, tena asimame umbali uleule atakaorekodia, kwa SM7B kama upana wa kiganja hivi. ISA ina hatua za dB 10 10 mpaka 60 halafu kuna kale kanobu ka trimu kanakoongeza mpaka 20. Anza na 40, panda hatua moja moja, zikibaki dB chache malizia na trimu. Lenga kwenye kompyuta sauti ya kawaida icheze karibu na -18 na vilele visivuke -10, sifuri ndo mwisho ambapo inapasuka. Ukirekodi kwa biti 24 huna haja kabisa ya kubanana na sifuri, waimbaji wa kwaya wakishikwa na wimbo wanapanda ghafla hujui zimetokea wapi, waachie nafasi.

Na ile filta ya chini ya ISA inayokata kuanzia 75 Hz, kwa sauti za kike na watoto mimi naiwasha muda wote. Inaondoa mitetemo ya miguu sakafuni na malori ya barabarani. Kwa besi wa kwaya sikiliza kwanza, wengine inawapunguzia kifua.

kimya_kimya
Mimi nitasema jambo ambalo halitapendeza lakini ni muhimu kabla hujaendelea kutumia hela. Hiyo shhhh sidhani kama ilikuwa ya Scarlett. Maiki ya ohm 150 yenyewe tu, kwa fizikia, ina kelele ya kama -131 dBu na hakuna priamp duniani itakayoshuka chini ya hapo, priamp nzuri zote ziko kati ya -126 na -129, na Scarlett yako imo humo humo na ISA imo humo humo. Sasa angalia maelezo yako mwenyewe, ISA ikiwa 30 bado shhhh ipo palepale. Umebadilisha kifaa cha kwanza kwenye mnyororo na kelele haijabadilika, maana yake inaingia kupitia maiki kama sauti nyingine yoyote.

Fanya hivi. Usiguse geni, rekodi sekunde ishirini za kimya chumba kikiwa kama kawaida yako. Halafu zima feni, ondoa laptopu mezani, hata friji ya chumba cha pili izime, rekodi tena. Halafu ifunike maiki ndani ya kabati la nguo, rekodi mara ya tatu. Zilinganishe. Nina uhakika mkubwa feni ya dari ndo mchawi wako, na Morogoro kwa joto lile najua haizimwi.

Sisemi ISA ni bure. Ile ni saketi yenye asili ya ISA 110 ambayo Rupert Neve aliichora miaka ya 80 kwa ajili ya studio za AIR za George Martin, ina transfoma ya Lundahl mlangoni, na ukimsukuma mwimbaji mwenye sauti kubwa utaona inavyombeba bila kukakamaa. Unapata nafasi kabla ya kupasuka, unapata rangi ya sauti. Ukimya wa chumba hauko ndani yake.

sauti_ya_uluguru
Asanteni sana wakuu na dada yangu wa Tanga. Waya wa TRS nimeupata leo mchana, nimeunga kama fundi alivyosema, imekaa sawa kabisa, ISA 50 na trimu kidogo na haipasuki hata nikipiga kelele. Na @kimya_kimya nimefanya jaribio, feni ikizimwa shhhh inaondoka karibu yote, sikuamini nikarudia. Sasa imebaki mmmmm ya chini sana, kama transfoma ya umeme, na pia kuna kile kitufe cha impidansi chenye taa nne sijui kikae wapi.

fundi_mawimbi
Mmmmm chomoa chaja ya laptopu uendeshe kwa betri. Ikikata basi ni mzunguko wa ethi (vifaa vimeungwa ardhini kwa njia zaidi ya moja), chomeka laptopu, ISA na spika zote kwenye ekstensheni moja, na mwite fundi umeme apime kama soketi yako ina ethi ya kweli mpaka ardhini maana nyumba nyingi tundu la tatu lipo ila halijaungwa popote. Usikate pini ya ethi ya ISA hata mtu akikushauri, ile inalinda mwili wako.

Impidansi (ukinzani ambao maiki inakutana nao mlangoni mwa ISA) ziko ohm 600, 1400, 2400 na 6800. Kwa SM7B anza na 2400. Ukipanda 6800 kwa kawaida juu panafunguka, ukishuka 600 sauti inalainika na inapungua nguvu, kwa hiyo kila ukibadilisha sawazisha kwanza levo ndo uhukumu, la sivyo sikio litachagua ile yenye sauti kubwa zaidi tu. Jumamosi mrekodi mwimbaji mstari uleule kwenye zote nne kabla hamjaanza kazi, dakika tano zinatosha.

mama_studio_tanga
Na hiyo Jumamosi muweke asubuhi mapema kabla jua halijapanda, uzime feni kwa amani.