Je, kipimo cha damu chaweza kuonyesha ukali wa soriasisi?

Mkazi wa Kasarani
Hamjambo nyote. Mdogo wangu wa kiume anaugua soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, huu ni mwaka wa sita, na tangu baridi ya Julai mabaka yamemwenea mgongoni, viwikoni na kichwani, hata akipanda matatu mchana wa jua kali havui kofia. Wiki iliyopita alipimwa damu katika zahanati moja hapa Nairobi. Vipimo viwili vya uvimbe mwilini vilitoka hivi: CRP ilikuwa 4 na ESR ilikuwa 12, naye aliyemsomea majibu akasema kwamba damu haina neno na kwa hivyo ugonjwa ni mdogo. Je, kuna kipimo cha damu kinachoweza kusema hivyo? Na ule uwiano wa nyutrofili na limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe za damu, unaozungumziwa sana siku hizi una maana gani?

Mtu wa Maabara
Ndugu yangu, majibu hayo yanaweza kuwa sahihi na tafsiri yake ikawa na kasoro. CRP ni protini inayotengenezwa na ini pindi uvimbe unapozuka popote mwilini, nayo haitambui kama chanzo ni ngozi, jino bovu au mafua. Ni kweli kwamba wenye soriasisi kali, kwa wastani, huwa na CRP ya juu kuliko wenye mabaka machache, lakini wastani wa kundi hauwezi kumhukumu mtu mmoja, na wapo wengi waliojaa mabaka ilhali CRP yao iko chini ya 5.

Uwiano uliouuliza hupatikana kwa kugawanya idadi ya nyutrofili kwa idadi ya limfosaiti, mwenye 6.0 na 1.5 ana uwiano wa 4. Hauhitaji gharama zaidi, kwa kuwa hesabu zote mbili zimo katika kipimo cha kawaida cha chembe za damu, na pengine ndiyo sababu watafiti wanaupenda. Hata hivyo, maambukizi ya bakteria huupandisha, na vidonge vya steroidi vilevile, kwa hiyo mgonjwa aliyemeza prednisoloni juzi atatoa namba isiyohusiana na ngozi yake. Vichochezi vyenyewe vya ugonjwa, yaani protini za kinga ya mwili kama vile IL-17 na IL-23, hupimwa zaidi katika utafiti kuliko katika huduma ya kila siku.

Ukali hupimwa kwa macho na mikono. Daktari wa ngozi hutumia alama za PASI, kuanzia 0 hadi 72, akizingatia eneo lililoathirika, wekundu, unene na magamba. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama zambarau au kahawia iliyokolea, na asiyezoea huupunguzia alama bila kujua.

Miaka Ishirini na Mabaka
Naongezea neno moja. Mimi niliambiwa damu yangu ni safi huku vidole vikinivimba kila asubuhi. Mwulize mdogo wako kama viungo vyake hukakamaa anapoamka, kisha mwangalie kucha kama zina vishimo vidogo.

Mkazi wa Kasarani
Asanteni sana. Nimemwuliza jioni hii. Kidole kimoja cha mguu kimevimba chote tangu mwezi wa Agosti, naye alidhani ni kiatu. Kucha mbili zina vishimo.

Mtu wa Maabara
Basi hilo lina uzito kuliko namba zote mlizonazo. Soriasisi inaweza kushambulia viungo hata CRP ikiwa ya kawaida, na kipimo cha damu cha rumatoidi, aina nyingine ya ugonjwa wa viungo, kwa kawaida hakiugundui huu wa soriasisi. Amwone daktari wa ngozi au wa baridi yabisi mapema, kwa sababu kiungo kilichokwisha kuliwa hakirudi. Damu itapimwa tena, lakini kwa kazi nyingine: akianzishiwa methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ini na chembe za damu lazima vifuatiliwe. Na kama anameza steroidi, asiziache ghafla kabla ya kuonana na daktari, kwa maana ugonjwa unaweza kulipuka.

Mkazi wa Kasarani
Hamezi steroidi, anapaka mafuta tu. Tunakwenda Jumatatu.