Naomba ushauri: mwenye shahada anayetaka kuwa mwalimu Bonde la Eyasi

Mleta mada
Ndugu wanajukwaa, nina shahada ya jiografia na historia isiyo ya ualimu, na nakusudia kusoma Stashahada ya Uzamili ya Elimu ili nifundishe sekondari Mang'ola, kwenye Bonde la Eyasi wilayani Karatu. Kilimo cha vitunguu kimewavuta huko watu wa pande nyingi, hivyo darasa moja huweza kuwa na Mwiraqw, Mdatoga, Mwisanzu na Mhadzabe, ambao lugha za kwao hazina undugu, na wote tangu kidato cha kwanza wanafundishwa masomo mengi kwa Kiingereza. Je, nisome Chuo Kikuu Huria nikiishi hukohuko, au niende chuo cha kuhudhuria darasani? Na yale ambayo mihadhara haitanipa nitayapata wapi?

Mkufunzi mstaafu
Mwanangu, nenda darasani. Kufundisha mbele ya wenzako na kukosolewa hapohapo ni jambo ambalo anayejisomea mbali hulipata kwa shida. Ila mapema sana andika barua ya kuomba mazoezi ya kufundisha uyafanyie Eyasi, usisubiri kupangiwa.

Mwalimu wa kata
Namuunga mkono mzee, lakini naongeza kwamba kabla ya kushika chaki ujitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji na wazee wa kila jamii. Utajua kwa nini mtoto wa mfugaji hutoweka malisho yanapokauka, kwa nini mavuno ya vitunguu hupunguza mahudhurio, na kwa nini kambi za Wahadzabe huhama kwa majira kufuata maji, asali na wanyama. Mwalimu asiyejua haya humwita mtoto mtoro na kumwadhibu, naye harudi tena.

Nikuombe pia uangalie somo lako mwenyewe. Tunapofundisha ujima, yaani mfumo wa kale wa maisha ya pamoja katika somo la historia, wengi wetu huwataja Wahadzabe kana kwamba ni mabaki ya zama za mawe, ilhali mtoto wao ameketi dawati la mbele akisikia wazazi wake wakielezwa hivyo. Mwalike mzazi wake aeleze namna wanavyosoma nyayo na kutambua mizizi ya kula, kisha darasa lilinganishe na ufugaji na kilimo cha umwagiliaji, kama maisha ya watu wa leo.

Mzazi, Karatu
Nayaheshimu hayo, Mwalimu, ila sisi wazazi tunataka watoto wafaulu. Usimlee mtoto kwa mila zake ukamwacha bila Kiingereza cha mtihani.

Mwalimu wa kata
Ni kweli, mama. Ndiyo maana mimi huwaacha wajadiliane kwanza kwa Kiswahili, kisha tunaandika pamoja kwa Kiingereza. Ziwa Eyasi lenyewe, lenye maji ya chumvi ndani ya Bonde la Ufa, wanalifahamu vema. Wanachokosa ni maneno ya kulieleza kwenye karatasi ya mtihani.

Mleta mada
Nashukuru sana. Nitaomba chuo cha darasani, na barua ya mazoezi nitaiandika mara nitakapopata udahili. Mwalimu, kwa wazee wa Kihadzabe niende na nani, ili nisionekane mtalii?

Mwalimu wa kata
Nenda na kijana wao aliyemaliza shule, umwombe akupeleke bila kamera. Wapo, nami nitakuunganisha.