"Ameshuka daraja" inatuumiza. Andikeni masharti ya mbio yote!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jumamosi, programu ya kubetia ninayoitumia hapa Louisville ilimwekea farasi mmoja alama ya kijani: "Ameshuka daraja, kutoka dola 16,000 hadi 10,000." Watu wakammwagia mkwanja mpaka akawa ndiye anayetarajiwa kushinda. Akamaliza wa saba.

Kwa wasiofuatilia mbio za Marekani: kuna mbio ambazo kila farasi anayeingia ana bei. Mtu mwenye leseni akiwasilisha ombi kabla ya mbio kuanza, anamchukua kwa bei hiyo, farasi awe amekuja wa kwanza au wa mwisho. Hakuna anayetaka kumpoteza farasi mzuri kwa bei ndogo, ndiyo maana bei huchukuliwa kama kipimo cha ubora: akiingia mbio za bei ndogo zaidi, wanasema ameshuka daraja. Sasa tazameni rekodi ya huyo farasi. Gazeti la Daily Racing Form huandika mbio za aina ile "Clm16000n2L". Herufi za mwisho ndizo masharti ya kuingia: ni farasi ambao hawajawahi kushinda mara mbili maishani. Programu imezikata, imebakiza bei tu! Mbio za Jumamosi zilikuwa za dola 10,000 lakini wazi kwa wote, na ndani yake walikuwemo wakongwe wa miaka saba, minane, walioshinda mara nyingi kweli kweli. Huyo hakushuka popote. Amepandishwa, tena kwa kishindo, halafu sisi tunaambiwa kapata wepesi.

Na kuna zile mbio za mseto, ndizo zinanichefua zaidi. Farasi mmoja anaingia kwa sababu ana ushindi mdogo, mwenzake ameshinda mbio chungu nzima ila mmiliki wake amekubali kumwekea bei. Wote wawili kwenye programu hiyo wanaandikiwa daraja lilelile. Kijana aliyekuja wa nne nyuma ya wakongwe wa namna hiyo, mchambuzi anasema "hana kitu". Hana kitu vipi, wakati hajauliza alikimbizana na nani?

Pesa za zawadi, ambazo nazo watu huzichukua kama kipimo, zisiwadanganye. New York wana mbio za farasi waliozaliwa jimboni humo pekee, na hapa Kentucky pesa za mashine za kamari zimevimbisha zawadi. Farasi wa New York anaweza kuonekana tajiri kumbe hajawahi kukutana na farasi wa majimbo mengine.

Upande wa pili nao upo. Septemba 2021, kwenye uwanja wa Churchill Downs, farasi Rich Strike aliingia mbio za farasi wasiowahi kushinda, akiwa na bei ya dola 30,000. Alishinda kwa zaidi ya urefu wa farasi 17, na mkufunzi Eric Reed akamchukua siku hiyohiyo. Mei 2022 akashinda mbio maarufu za Kentucky Derby akilipa 80 kwa 1. Ni kweli katikati hapo hakushinda tena, lakini watu wangapi walikwama kwenye lebo ya dola 30,000 wasiutazame ule umbali aliowaacha wenzake? Na farasi Stymie, aliyechukuliwa kwa dola 1,500 tu mwaka 1943, alikuja kuingiza zaidi ya dola 900,000. Bei ilikuwa inasema nini juu yake?

Msije hapa kuniambia kamari ni kamari. Kupoteza kwa sababu farasi amekosea mwanzo, sawa, tumezoea. Kupoteza kwa sababu mtu aliyelipwa kunipa taarifa ameikata katikati, hilo silikubali. Masharti yanajulikana tangu siku mbio zinapotangazwa, hayana siri, na nafasi ya kuyaandika ipo, maana matangazo yao yanaenea skrini nzima.

Nimewaandikia huduma kwa wateja, wakanijibu "asante kwa maoni yako". Kwa hiyo nauliza wadau mlioko Kentucky, Ohio na kwingineko: ni programu gani inayoonyesha masharti kamili ya kila mbio alizokimbia farasi, bila kulazimika kununua gazeti? Wekeni na picha ya ukurasa tuone.