Ghorofa refu ubavuni mwa jengo la kale: turuhusu kwa masharti gani?

Mleta mada, Old Kampala

Ndugu zangu, salamu. Siku hizi nikiona uzio wa mabati umesimamishwa karibu na jengo la zamani hapa Kampala, moyo unanidunda hata kabla sijajua kinachojengwa. Kila tukizungumzia majengo ya kale tunaulizana nani anataka kubomoa na nani amekataa. Mimi nasema mengi yanauawa na jirani. Jengo halijaguswa, kibao cha kumbukumbu bado kipo mlangoni, lakini kiwanja cha pili wamechimba shimo la kuegesha magari, ghorofa tatu kwenda chini, na ukuta umeanza kuondoka.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Nilikuwa nimepanga duka katika nyumba ya enzi za Wahindi, matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa chokaa, msingi mfupi usio na nondo hata moja. Jirani akachimba, mvua ikaingia, pampu zikawa zinavuta maji usiku na mchana. Wiki ya tatu nikaona ufa umeanzia kona ya dirisha, unapanda kama ngazi, ukifuata maungio ya matofali. Fundi mmoja mzee akanionyesha la kufanya: ubandike kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, ukishike kwa plasta pande zote mbili, uandike tarehe kwa penseli. Kioo kikikatika, ujue ukuta bado unatembea. Changu kilikatika siku ya tisa. Nilipokwenda kwa msimamizi wa ujenzi aliniambia nyumba ile ni kuukuu, ingepasuka tu. Sikuwa na jibu, kwa kuwa hakuna aliyepiga picha ya ukuta kabla katapila halijaingia.

Sasa yatazameni Makumbusho ya Uganda pale Kira Road. Yalianzishwa 1908, na jengo la sasa lilifunguliwa 1954. Mchoraji wake alikuwa Ernst May, yuleyule aliyepanga Kololo na Naguru, na alilichora lipate mwanga na hewa bila kutegemea mitambo. Mwaka 2011 serikali ilikuwa na mpango wa kulibomoa ili usimame mnara wa ghorofa 60. Mashirika ya kiraia yakaenda mahakamani, na makumbusho bado yapo. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini fikirini mnara kama huo ungejengwa kwenye kiwanja cha pembeni: ukuta hata mmoja usingebomolewa, na kumbi zile zingekaa kivulini nusu ya siku. Je, hapo tungesema tumehifadhi?

Ninachouliza ni hiki: ghorofa refu likae umbali gani, na kwa masharti gani?

Mhandisi, Nakawa

Mzee wangu, pole kwa duka. Yaliyokupata yanatokea, siyakatai. Ila naomba tusilichukie ghorofa kwa kosa la mchimbaji.

Kampala ina kilomita za mraba 189 hivi, na humo mna vilima na mabwawa ya mafunjo. Sensa ya 2014 ilikuta watu milioni 1.5, nao ni wale wanaolala mjini. Wanaoingia asubuhi kutoka Wakiso na Mukono hawamo. Tusipopanda juu tutaingia bondeni. Tayari tumeingia: tazama Lubigi, tazama bonde la Nakivubo, kisha tunashangaa mvua ikinyesha saa moja barabara inakuwa mto. Kila ghorofa unayoizuia katikati ya mji ni nyumba inayokwenda kujengwa kwenye majimaji.

Na ufundi upo. Unatoboa mashimo na kumimina nguzo za zege kuzunguka kiwanja kwanza, halafu ndipo unachimba ndani yake. Udongo wa jirani unabaki umeshikwa. Maji usiyavute ovyo, kwa sababu udongo uliokaushwa unasinyaa na kila kilichokaa juu yake kinashuka. Hayo tunafundishwa darasani. Tatizo ni kwamba nguzo hizo zina gharama, na mwenye kiwanja akisikia bei anasema tuchimbe haraka kabla ya mvua.

Mama mwenye nyumba, Jinja

Mimi nawasikiliza wote wawili na naona mmenisahau.

Nyumba yetu iko mjini Jinja, mtindo ule mnaoujua, baraza mbele na mwaka wa kujengwa umeandikwa juu kabisa kwenye uso wa nyumba. Watalii wanasimama barabarani wanapiga picha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza paa linavuja wapi. Linavuja juu ya chumba cha mama yangu. Tangu Jinja ifanywe jiji mwaka 2020, bei ya viwanja imepanda, na jirani amekwisha kuuza chake. Mimi naambiwa uso wa nyumba usiguswe kwa kuwa ni historia. Sawa, ni historia. Lakini kodi ya jengo nalipa kama mwenye plaza, na fundi anayejua kufanya kazi ya chokaa akitoka mbali namlipa mwenyewe. Mnataka nitunze kumbukumbu ya mji mzima kwa mfuko wangu, halafu jirani anapata ghorofa kumi. Nikiuza mtanilaani?

Mchangiaji, Mengo

Kwa nini tusijenge nakala? Lipigeni picha jengo, lipimeni, lijengeni upya mahali penye nafasi. Ardhi ya katikati ya mji ni ghali.

Mleta mada

Ndugu wa Mengo nakujibu kwanza, kwa sababu hilo limefanyika kilimani kwetu. Ngome ya Lugard, yule kapteni Mwingereza, ya 1890 iliondolewa kuupisha Msikiti wa Taifa, na nakala yake ikajengwa kando. Ule msikiti naupenda, naswali humo. Lakini wajukuu wangu wakiniuliza ngome ilikuwa wapi nawaonyesha ukuta mpya, na nikiwaonyesha najua nawaambia jambo lisilo kweli kamili. Na makaburi ya Kasubi je, utaweka nakala wapi? Kilichoorodheshwa na UNESCO mwaka 2001 ni hekta 26.8, pamoja na mashamba na nyumba za wale wanaowatunza Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, wanne waliolala pale. Paa la nyumba kuu liliungua Machi 2010, likajengwa tena palepale kwa mikono ya wenye ufundi wao, na mwaka 2023 Kasubi ikatolewa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Paa hilo lingeinuliwa mahali pengine, tuseme Namugongo, lingekuwa banda la maonyesho.

Kijana wangu mhandisi, la mabwawa umenishinda. Nilikuwa sijalipima hivyo. Basi tupande juu, lakini tuanzie kwenye viwanja visivyo na jirani dhaifu. Pale ambapo jirani ni jengo la kale, kibali kisitoke mpaka mambo mawili yafanyike: kuta zake zipigwe picha ufa kwa ufa, na pande zote mbili ziweke saini, na fedha za kurekebisha ziwekwe benki kabla ya kuchimba, zisisubiri kesi. Tunayo sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Ilinde hadi udongo ulio chini ya jengo.

Mama wa Jinja, wewe ndiye umenikosesha usingizi. Sikulaani. Sisi tunaopiga kelele kuhusu urithi tumezoea kupenda nyumba za watu wengine bila kuchangia hata bati. New York na Mumbai wana njia moja: mwenye jengo la kale haruhusiwi kuongeza ghorofa, lakini ile haki ya ghorofa ambazo angejenga ni mali yake, anaweza kumuuzia mjenzi wa sehemu nyingine ya mji, naye akapanda zaidi ya kiwango chake. Wewe unabaki na nyumba, unapata fedha ya paa. Mjenzi naye anapata urefu wake mbali na ukuta wako. Kwetu ingehitaji daftari la haki hizo lisilochezewa, na hapo ndipo ninapoogopa.

Mama, ungepewa njia hiyo, ungeacha kuuza? Nawe kijana, nitajie: zile nguzo za kushika udongo, kwa kiwanja kidogo cha mjini, zinaongeza gharama kiasi gani juu ya msingi wa kawaida? Nataka kujua tunabishania fedha ya nani.