Farasi wanaolala nje wakati wa baridi: hori la chuma, nyavu, au mafungu juu ya theluji?

Mpemba wa Minnesota
Shikamooni wakubwa. Nimekabidhiwa farasi sita wanaokaa nje mwaka mzima kaskazini mwa Minnesota, wakiwa na kibanda cha pande tatu tu cha kuwakinga na upepo. Mwenye shamba ameniachia nichague: robota kubwa la mviringo la nyasi kavu ndani ya hori la chuma, nyavu zenye matundu madogo, au mafungu yanayomwagwa juu ya theluji asubuhi na jioni. Jirani naye anasisitiza kwamba usiku wa baridi kali dawa ni ndoo ya nafaka. Mmoja wa farasi hao ni mzee na meno yamemwishia. Naomba mnilinganishie.

Kwato Nne
Marahaba. Nianze na nafaka, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha wengi. Nyuzinyuzi za nyasi huchachushwa polepole na vijidudu katika utumbo mpana, na uchachushaji huo hutoa joto kwa saa nyingi. Nafaka nyingi humeng'enywa mapema katika utumbo mdogo, hutoa joto pungufu kuliko nyasi, na ikiongezwa ghafla huweza kuleta msokoto wa tumbo. Farasi mkavu mwenye manyoya kamili ya baridi huvumilia hadi nyuzijoto 8 hivi chini ya sifuri bila nyongeza yoyote, lakini akilowa, mpaka huo hupanda hadi karibu nyuzijoto 5 juu ya sifuri. Kuanzia hapo, kila nyuzijoto moja inayoshuka hudai nishati zaidi kwa takriban asilimia 2.5. Kwa hiyo farasi wa kilo 500 anayekula kilo 10 za nyasi kwa siku atahitaji kama kilo 12.5 baridi ikifika nyuzijoto 18 chini ya sifuri.

Mama Robota
Kuhusu hori, utafiti umefanyika hapo hapo kwenu. Chuo Kikuu cha Minnesota kililinganisha hori za aina mbalimbali za marobota ya mviringo na kuchapisha matokeo mwaka 2012: robota lililowekwa chini bila hori lilipotea kwa asilimia 57, ilhali penye hori upotevu ulikuwa kati ya asilimia 5 na 33, kutegemea muundo wake. Farasi wako sita watamaliza robota la kilo 400 kwa siku tano au sita, yaani kabla kuvu halijapata nafasi ya kuenea. Mafungu juu ya theluji yana faida moja kubwa: ukiweka manane kwa farasi sita, yule mbabe hawezi kuyalinda yote. Nyavu hupunguza kasi ya kula na upotevu pia, ila mimi sizipendi kwenye baridi ya huko. Zikilowa huganda zikawa ngumu kama waya, na farasi aliyepigiliwa vyuma kwatoni anaweza kunasa mguu.

Ndugu wa Alberta
Naunga mkono hori, kwa sharti la maji. Nyasi kavu zina unyevu usiofika hata asilimia 15, hivyo farasi mmoja anahitaji lita 25 hadi 40 kwa siku, na theluji haitoshi kuziba pengo hilo. Kikague kipasha maji, kile cha umeme kinachozuia maji ya pipa yasigande, mara kwa mara: kikivujisha umeme, farasi atalisogelea pipa, ataugusa uso wa maji kwa mdomo, kisha atarudi nyuma, nawe utadhani hana kiu. Pia usiyaamini macho kujua kama farasi amekonda, maana manyoya yale huficha; vua glavu, upitishe vidole mbavuni.

Mpemba wa Minnesota
Nashukuruni. Basi ni hori, na siku za baridi kali nitaongeza mafungu pembeni kwa ajili ya wanyonge. Yule mzee je? Hudondosha vifundo vya nyasi alizozitafuna nusu.

Mama Robota
Hizo nyasi ndefu hazimfai tena. Mloweshee vidonge vya nyasi (nyasi zilizosagwa na kushindiliwa) katika maji ya uvuguvugu hadi viwe uji mzito, umpe mara tatu au nne kwa siku akiwa ametengwa na wenzake, kwa sababu wakiinusa ndoo ile hatapata kitu. Badilisha chakula chake taratibu kwa muda wa siku kumi hivi, na daktari wa mifugo amtazame meno kabla ya Januari.