Mchoro unaitwa "Jicho la Bahari", mbona bahari yenyewe siioni?

Mtoto wa Ngamiani
Wakuu habari za jioni. Kuna mchoro umenishinda, ni wa Mpolandi anaitwa Jan Nepomucen Głowacki, wa mwaka 1837, ziwa limezungukwa na milima. Jina Morskie Oko, nimetafsiri kwenye simu ikaniambia Jicho la Bahari. Sasa mimi mtu wa Tanga bahari naijua, hapo naona majabali tu yamesimama kama kuta, na kwenye ramani bahari iko kaskazini kabisa wakati ziwa liko mpakani kusini. Simu inanidanganya? Halafu mbona huyu jamaa anasifiwa hivyo, si ziwa tu?

Bibi Kahawa Chungu
Simu yako nzima mdogo wangu 😂 Wenyeji wa milima ya Tatra walikuwa na hadithi kwamba ziwa limetoboka chini, njia inaenda mpaka baharini, wengine wakasema mabaki ya meli zilizozama yanaibukia hapo. Ukweli ni kwamba barafu ya kale ndo ilichimba lile shimo, kama vile viziwa vya juu Mlima Kenya. Kina chake kama mita 50 hivi. Zamani waliliita pia Ziwa la Samaki, maana lina trauti.

Mzigo Mzito
Hilo la "si ziwa tu" ngoja nikujibu. 1837 Poland haikuwepo kwenye ramani, Urusi, Prussia na Austria walishaigawana wakamaliza 1795, na uasi dhidi ya Warusi ulizimwa 1831. Głowacki ni mtu wa Kraków, wakati huo kamji huru kadogo tu, na hiyo milima iko chini ya Austria. Kwa hiyo Mpolandi akiuangalia ule mchoro haoni maji, anaona kwao. Wanamwita baba wa uchoraji wa Tatra, aliipanda kabla haijawa fasheni. Na ziwa lenyewe baadaye liligombaniwa na upande wa Hungaria mpaka kesi ikaamuliwa mjini Graz, Austria, 1902, eti ziwa!

Mtoto wa Ngamiani
Duh, kumbe. Kuna mtu kashafika?

Shemeji wa Baridi
Mimi nasoma Kraków, nilienda Julai. Unashuka kwenye basi unatembea lami kama kilomita 8 na ushee, ya kupanda, watoto wanalia njiani, farasi wanavuta mikokoteni ya waliochoka. Nilifika nina hasira nimekaa kwenye jiwe, pembeni maji ni ya kijani unaona mpaka kokoto, ila kivuli cha mlima kikipita juu yake yanageuka meusi palepale, nikasema ahaa, kumbe yule mzee mchoraji hakutia chumvi.

Mtoto wa Ngamiani
Na trauti bado wapo?

Shemeji wa Baridi
Wapo, wanapita miguuni kabisa. Ila weka ndoano yako mfukoni, ile ni hifadhi.