Yaya (kaka yangu) ameuza "fungu lake" la lupango (kiwanja) ya baba, mnunuzi ameshusha matofali. Tufanye nini?

BintiKatuba
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Niko Lubumbashi, komine (manispaa) ya Katuba. Naandika kichwa kikiwa moto, mtanisamehe makosa.

Baba alifariki 2011. Aliacha lupango ya mita 20 kwa 25, nyumba ya vyumba vitatu aliyoiezeka upya kwa ile pesa ya depa volontere (kuacha kazi kwa hiari) ya kampuni ya migodi Gécamines ya 2003. Kisima tulichimba sisi baadaye, kila mtu alitoa kidogo. Tuko watoto wanne: yaya mkubwa yuko Ruashi, yaya wa pili yuko Kolwezi, dada ameolewa Likasi, mimi ni wa mwisho. Mama yuko hai, analala kwenye nyumba kubwa, ninamwangalia mimi.

Jumatatu alfajiri nasikia watu wanashusha matofali. Natoka, namkuta baba mmoja mpole tu, ananionyesha karatasi. Yaya wa Kolwezi amemuuzia "fungu lake", mita 5 kwa 25, dola 6,000, na 4,000 zimeshalipwa. Kuna mashahidi wawili na mhuri wa kartie (ofisi ya mtaa). Fundi amekwisha kuvuta kamba toka barabarani hadi nyuma, na kisima kimebaki upande wao. Mama alitoka akaketi juu ya yale matofali, hakusema neno hadi jua likawa kali.

Yaya ananiambia kwa simu: tuko wanne, mita 20 gawa kwa nne ni 5, nimeuza zangu. Kweli ana haki? Karatasi zote bado ziko kwa jina la baba, hatujawahi kugawana.

Kafuta_deni
Dada, miye sielewe. Mutu anakuya na matofari mu lupango ya baba yenu, na mwee munaangalia tu? Muite ba vijana ba avenue, ukuta inalala chini usiku.

BintiKatuba
Yaya, nikibomoa mimi ndiye nitakayelala gerezani Kasapa, na ukuta utajengwa upya nikiwa ndani.

Mzee_wa_Kamalondo
Binti yangu, usimsikilize huyo. Mimi niliandika barua za mashauri kwa avoka (wakili) mmoja miaka mingi, nitakueleza ninachokijua.

Yaya wako ana haki ya kuuza, lakini si kile alichouza. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inaruhusu mwenye fungu katika mali isiyogawanywa kulitoa fungu lake. Lakini fungu si mahali. Kabla ya kugawana, wewe una sehemu yako katika kila tofali: katika kisima, katika choo, katika mwembe kama mnao. Na yeye vilevile. Kwa hiyo yule baba, akibahatika sana, amenunua kiti cha yaya wako katikati yenu. Hakununua mita 5 upande wa kisima. Kuchagua upande, kukata lupango, kupiga ukuta, hayo yanataka ninyi nyote mkubali, au tribinali iamue.

Pili, mhuri wa kartie unathibitisha kwamba watu walionana, basi. Ardhi ya Congo ni ya Serikali, raia anapewa haki ya kuitumia, na haki hiyo kisheria inasimama kwa sertifika (hati ya ardhi) inayotolewa na konservatere, ofisa wa hati za ardhi. Ninyi mna sertifika au ile livre ya lojere ya zamani, kile kitabu cha mwenye nyumba?

BintiKatuba
Livre ya lojere tu, tateta. Imeanza kuliwa na mende.

Mzee_wa_Kamalondo
Ifunike kwenye plastiki leo. Si kesho.

MamaNyota_Likasi
Mbona wote mnahesabu nne? Mama yao mmemweka wapi? Binti, wazazi wako waliandikisha ndoa komine? Na lupango ilipatikana kabla ya ndoa au baada?

BintiKatuba
Ndoa iliandikishwa, karatasi ipo. Lupango waliipata wakiwa wameshazaa yaya mkubwa.

MamaNyota_Likasi
Basi hesabu ya yaya wa Kolwezi imekufa papo hapo. Kama hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali siku ya ndoa, kilichopatikana ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Nusu ni ya mama kabla hata ya kutaja neno urithi. Kinachogawanywa ni nusu ya marehemu tu. Humo watoto wanapata robo tatu, sawa kwa sawa, mwanamke na mwanaume (asikudanganye mtu kwamba dada yako alikwenda na mahari yake). Robo inayobaki ni ya kundi la pili la warithi, na mama yumo tena. Na nyumba anayolala, Code ya familia ya 1987 inampa haki ya kuitumia akiwa mjane. Mimi niliambiwa na wakwe zangu nibebe masufuria niende, ndiyo maana nimeyajua haya kwa kichwa.

Piga hesabu: yaya ana robo ya robo tatu ya nusu. Hiyo si mita 5, haifiki hata mita 2.

Fundi_Kisanga
Samahani, nauliza kitu kimoja. Kwenye hiyo lupango hakuna nyumba ndogo za nyuma? Katuba nzima watu wana aneksi.

BintiKatuba
Zipo mbili. Nilizijenga mimi 2019 kwa pesa ya mikate yangu.

Fundi_Kisanga
Ndugu zako walikubali? Na kodi anakula nani?

BintiKatuba
Hawakukataa. Kodi inanunua dawa za mama na unga.

Fundi_Kisanga
Kutokataa si kukubali, dada. Na wewe ulichagua kona yako peke yako, kama yaya. Sisemi ni sawasawa, wewe hukuuza. Ila mkifika mbele ya hakimu, neno la kwanza la yaya litakuwa hilo. Tafuta faktire (ankara) za simenti na mabati, andika dawa za mama mwezi kwa mwezi. Uende umejianika mwenyewe kabla hawajakuanika.

BintiKatuba
Hilo limeniuma, lakini ni kweli. Faktire chache ninazo.

Mzee_wa_Kamalondo
Fundi amenena. Sasa fanya hivi. Yaya mkubwa aite kikao cha familia, kwa kuwa kwa kawaida mkubwa wa warithi ndiye likidatere, msimamizi wa urithi. Asijione mwenye mali, kazi yake ni kutunza na kutoa hesabu. Kikao kiandike karatasi, mama asaini wa kwanza. Mpelekeeni mnunuzi barua na nakala kartie na komine, kwamba lupango haijagawanywa, asimamishe kazi. Asiposimama, avoka aombe tribinali isimamishe ujenzi.

Lakini msikimbilie kuomba mgawanyo. Lupango ya mita 20 kwa 25 ikionekana haikatiki vizuri, hakimu anaweza kuamuru iuzwe yote mgawane pesa. Nimeona familia iliyoshinda kesi ikapanga nyumba Ruashi.

Kafuta_deni
Na zile 4,000 za yule baba?

MamaNyota_Likasi
Adaiwe aliyezila. Ila kama ndugu watatu wanaweza kulinunua wenyewe fungu la yaya kwa bei ya kweli, lupango inabaki nzima.

BintiKatuba
Narudi baada ya siku tisa. Kikao kimefanyika, dada alikuja toka Likasi, yaya wa Kolwezi alisikiliza kwa simu akakata katikati. Nilisema habari ya aneksi kabla ya kuulizwa, yaya mkubwa akacheka, akasema alikuwa anaingoja. Mnunuzi amepokea barua na amesaini nakala. Anasema haongezi tofali, anataka 4,000 zake kabla mvua hazijaanza. Yaya ametuma 1,500 hadi sasa. Matofali bado yako pale pale, mama ameanza kuanikia mihogo juu yake.